Nani Hulipia Nyumba Nafuu?

Mtaa wa zamani wa kaunti pale Pangani, Nairobi, ulikuwa na nyumba 48 tu. Zilikuwa nyumba za chini, kuukuu, zimekaa juu ya ardhi iliyo karibu na katikati ya jiji na ambayo kila mwendelezaji aliitolea macho. Mtaa ukabomolewa, na mahali pake pakapangiwa maghorofa yenye nyumba 1,562. Kati ya hizo, 952 zilihesabiwa kuwa za bei nafuu na 610 zikaachiwa kampuni iliyojenga iziuze kwa bei ya soko. Kaunti haikutoa fedha za ujenzi, ilitoa ardhi. Kampuni haikununua ardhi, ilileta mtaji, saruji na mafundi. Faida ya zile 610 ndiyo iliyotarajiwa kuubeba mzigo wa zile 952.

Mpango wa namna hii una ndugu zake duniani kote. Kwa miaka hamsini hivi, miji mingi imejaribu kumbana anayejenga nyumba nyingi kwa mpigo atenge sehemu yake kwa watu ambao bei ya soko imewaacha nje. Wanasiasa wanaupenda, na si vigumu kuona kwa nini: nyumba nafuu zinapatikana na hazina haionekani kuguswa. Lakini nyumba ikiuzwa chini ya gharama yake, tofauti imelipwa na mtu. Huenda ni mwenye kiwanja, ambaye amelazimika kukiuza kwa bei ya chini. Huenda ni mjenzi, ambaye amepunguza faida. Huenda ni mnunuzi wa ile nyumba ya jirani, ambaye ameongezewa bei bila kujua. Au ni serikali, kwa mlango wa nyuma. Sharti la nyumba nafuu ni zuri pale linapomlipisha mwenye ardhi. Likianza kumlipisha mwingine, huishia kupunguza nyumba badala ya kuziongeza. Na kwetu Afrika Mashariki, mwenye ardhi ambaye tunaweza kumwekea sharti kesho asubuhi bila kutunga sheria mpya ni umma wenyewe.

Sera hii kama inavyojulikana leo ilizaliwa kwenye viunga vya Washington, Marekani, na haikuzaliwa kwa amani. Kaunti ya Fairfax, Virginia, ilitunga kanuni mwaka 1971: mradi wa nyumba 50 na zaidi sharti utenge asilimia 15 kwa wenye kipato cha chini na cha kati. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Juu ya Virginia ikaifuta. Kwa majaji, kumlazimisha mtu auze mali yake kwa bei ya chini ni kumnyang'anya bila fidia. Ng'ambo ya mto, Kaunti ya Montgomery, Maryland, ikajifunza kwa kosa la jirani. Sheria yake, iliyoanza kutumika mwaka 1974, nayo ilidai sehemu ya nyumba katika kila mradi mkubwa, ila iliweka kitu mkononi mwa mjenzi: ruhusa ya kujenga nyumba nyingi zaidi ya zile ambazo kiwanja chake kingeruhusiwa. Sharti likawa mabadilishano. Mjenzi anatoa nyumba nafuu, anapokea nafasi ya kujenga. Nafasi hiyo kaunti haikuinunua popote, iliiumba kwa kalamu.

Ili tuone ni kwa nini hilo lilikuwa jambo kubwa, tufanye hesabu ya kubuni, kwa tarakimu za mviringo. Mwendelezaji anataka kujenga nyumba 100 Kilimani, mtaa wa ghali wa Nairobi. Kila moja ataiuza kwa shilingi milioni 9 za Kenya. Ujenzi, wahandisi, vibali, lifti na riba ya benki vinamla milioni 6 kwa kila nyumba. Milioni 1.2 ni faida ambayo bila hiyo benki haimkopeshi wala yeye mwenyewe haamki kitandani. Zinabaki milioni 1.8. Zidisha mara mia: milioni 180. Hicho ndicho kiasi cha juu anachoweza kumlipa mwenye kiwanja. Watu wengi huamini kwamba nyumba ni ghali kwa sababu kiwanja ni ghali. Mara nyingi mambo yako kinyume: kiwanja ni ghali kwa sababu nyumba zitakazosimama juu yake zitauzwa kwa bei kubwa.

Sasa kaunti inasema: nyumba 20 kati ya hizo 100 ziuzwe kwa milioni 3. Kila moja inapoteza milioni 6, jumla milioni 120. Gharama za ujenzi hazijashuka, benki haijalegeza, na anayenunua nyumba ya milioni 9 hataongeza hata senti maana jengo la pili yake linauza kwa bei ile ile. Fedha za kiwanja ndizo pekee zinazoweza kupungua, kutoka milioni 180 hadi 60. Mzee mwenye kiwanja, aliyesikia jirani yake akiuza kwa 180, atamtazama dalali na kumwambia arudi siku nyingine. Kiwanja kinabaki na nyasi, nyumba 20 nafuu hazipo, na zile 80 za kawaida nazo hazipo. Lakini kaunti ikiruhusu nyumba 40 zaidi juu ya zile 100, kila moja ikileta milioni 1.8, fungu la kiwanja linapanda hadi milioni 132. Mzee bado ananuna, ila sasa kuna mazungumzo. Sharti likipanda hadi asilimia 35 bila nyongeza yoyote, hasara ni milioni 210, yaani kiwanja kingetakiwa kutolewa bure na mwenyewe aongeze milioni 30 mfukoni. Hapo hakuna mradi, kuna hotuba tu.

Hesabu hii fupi inaeleza mabishano karibu yote ya wachumi juu ya jambo hili. Wanaosema sharti linapandisha bei na kupunguza ujenzi, na wanaosema halina madhara, mara nyingi wote wana kweli ila wanatazama miji tofauti. Panapokuwa na thamani kubwa ndani ya ardhi, na sharti likatangazwa mapema kiasi kwamba kila anayenunua kiwanja analijua, mzigo unamshukia mwenye ardhi. Likija ghafla juu ya mtu ambaye amekwisha kununua kiwanja kwa bei ya jana, linamvunja mgongo. Na katika mtaa ambao nyumba zinauzwa kwa bei inayozidi gharama ya ujenzi kidogo tu, hakuna cha kugawana. Asilimia inayofaa Kilimani si ile inayofaa Kitengela, nje ya jiji, na kwa Dar es Salaam ya Masaki haiwezi kuwa ya Chanika.

Uingereza ndiko jambo hili lilikotawaliwa na mawakili na wakokotoaji. Huko haki ya kuendeleza ardhi ni ya umma tangu sheria ya mipango ya mwaka 1947: kumiliki shamba hakukupi ruhusa ya kulijenga. Kifungu cha 106 cha sheria ya mipango ya mwaka 1990 kinaipa halmashauri nafasi ya kukaa na mwendelezaji na kuandikiana mkataba kabla ya kibali: utajenga shule, utapanua barabara, utatoa nyumba kadhaa nafuu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya nyumba nafuu za England imetoka kwenye mikataba hiyo. Udhaifu wake ni kwamba kila mkataba unajadiliwa upya, na mwendelezaji huja na ripoti ya kurasa nyingi kuonyesha kwamba akitoa nyumba zote anazodaiwa mradi utakufa. Ripoti hizo zilikuwa siri ya kibiashara. Halmashauri yenye maofisa wachache ingekaa mezani na kampuni yenye wahasibu wa kulipwa kwa saa, na matokeo unayajua.

Mfano unaotajwa sana ni Heygate, mtaa wa halmashauri ya Southwark, kusini mwa London. Nyumba zaidi ya elfu moja zilibomolewa, wakazi wakasambazwa, na mradi mpya wa nyumba zaidi ya 2,300 ukapewa kibali. Katika mpango wa awali, nyumba za kodi ya kijamii, ile kodi ambayo wakazi wa zamani walikuwa wakilipa, zilikuwa 79. Zilikuwapo nyingine zilizoitwa nafuu, ila kwa bei ambayo mfagizi wa barabara asingeiweza. Ilibidi suala hilo lifike kwenye baraza la haki ya taarifa ndipo, mwaka 2014, halmashauri iamriwe kufichua sehemu ya hesabu za mwendelezaji. London baadaye ikabadili mbinu. Chini ya Meya Sadiq Khan, tangu 2017, mwendelezaji anayekubali asilimia 35 hupita njia ya haraka bila kuchunguzwa hesabu zake, na anayebisha ndiye anayefungua madaftari. Naiona ni akili nzuri, kwa sababu inageuza muda kuwa fedha. Lakini hata hapo soko lilipougua, riba zikapanda na gharama za ujenzi zikaruka, miradi ilikwama, na mwaka 2025 serikali na meya wakatangaza njia ya muda yenye kiwango cha asilimia 20. Ukitegemea faida ya mjenzi kuwapa maskini nyumba, maskini watapata nyumba wakati mjenzi ana faida. Katika miaka ya shida, ambayo ndiyo miaka ya uhitaji, bomba linakauka.

Ufaransa ilichukua njia nyingine kabisa, na nashangaa haitajwi zaidi kwetu. Sheria ya mshikamano wa miji ya Desemba 2000 haikuanza na mjenzi, ilianza na mji. Miji midogo na mikubwa iliyo ndani ya maeneo ya mijini ilitakiwa kuwa na asilimia 20 ya nyumba za kijamii, kiwango kilichopandishwa hadi 25 kwa mingi mwaka 2013. Mji usiofikisha unatozwa faini kila mwaka, na ukikaidi, mwakilishi wa serikali kuu anaweza kuupora madaraka ya kutoa vibali. Neuilly-sur-Seine, mji wa matajiri unaopakana na Paris, umekuwa ukilipa faini na kubaki mbali sana na lengo. Kwa hiyo hata sheria yenye meno inaweza kukutana na ngozi nene. Lakini nyumba nyingi zimejengwa katika miji ambayo bila faini isingejenga hata moja.

Kuna swali ambalo katika mikutano ya uzinduzi huwa halipewi nafasi: nafuu kwa nani? Sheria ya Nyumba Nafuu ya Kenya, iliyotiwa saini Machi 2024 baada ya Mahakama Kuu kuiangusha tozo ya kwanza ya nyumba Novemba 2023, inawagawa watu kwa mishahara. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni wa nyumba za kijamii. Anayepata kati ya 20,000 na 149,000 ni wa nyumba nafuu. Juu ya hapo kuna kundi la tabaka la kati. Hebu itazame hiyo ngazi ya pili. Karani wa elfu 22 na meneja wa elfu 140 wamewekwa ndani ya kapu moja, na muuzaji mwenye akili atachagua yupi?

Chukua nyumba ya shilingi milioni 1, bei ambayo kwa Nairobi ni ya kutupa. Kwa mkopo wa miaka 20 na riba ya asilimia 9, malipo ni karibu shilingi 9,000 kwa mwezi. Kwa karani wa elfu 22 hizo ni zaidi ya theluthi ya mshahara kabla hajakatwa chochote, na bado hajapanda matatu, hajalipa karo, hajanunua unga. Halafu benki yenyewe. Kenya nzima ina mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 hivi, kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Mama mboga na fundi wa jua kali hawana hati ya mshahara ya kumwonyesha mkopeshaji. Kwa hiyo unapomlazimisha mjenzi atenge nyumba za kuuza kwa bei ya chini, bila njia ya kuzilipia kidogo kidogo, umemtengea zawadi mtu mwenye fedha taslimu. Atainunua nyumba nafuu, kisha ataipangisha kwa bei ya soko. Nairobi imejaa wapangaji, na bado mipango yetu huzungumza kana kwamba kila mtu yuko njiani kwenda kuchukua hatimiliki.

Pale Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kwenye mradi ambao Rais William Ruto alianza kukabidhi funguo zake Mei 2025, mambo yalipangwa kwa namna nyingine: chumba kidogo kabisa kililipiwa takribani shilingi 3,900 kwa mwezi. Hiyo inakaribia kodi ambayo watu wa Mukuru walikuwa tayari wakilipa kwenye mabati. Lakini kilichowezesha si faida ya nyumba za matajiri. Ni ardhi ya umma na ile tozo ya asilimia 1.5 inayokatwa kwa mfanyakazi na kulipwa tena kiasi hicho hicho na mwajiri wake. Mtu anaweza kuilalamikia tozo hiyo, na Wakenya wameilalamikia kweli kweli, lakini angalau hapo anayelipa anajulikana, ameandikwa kwenye hati ya mshahara.

Swali la pili linalosahaulika ni la muda. Montgomery ilipoanza, nyumba nafuu zilibaki chini ya udhibiti wa bei kwa miaka mitano tu. Mwenye nyumba akishavuka hapo aliuza kwa bei aliyotaka, na kaunti ikajikuta inajaza maji kwenye pakacha: maelfu ya nyumba zilijengwa, na maelfu yakavujia sokoni. Udhibiti ukaongezwa hadi miaka 10, na baadaye hadi 30 kwa za kuuzwa na 99 kwa za kupangisha. Kaunti iliweka pia jambo ambalo nalipenda kuliko yote: shirika lake la nyumba lina haki ya kununua hadi theluthi moja ya nyumba hizo nafuu na kuzipangisha kwa familia maskini zaidi. Kwa njia hiyo watoto wa wapangaji wa serikali walijikuta katika mitaa yenye shule nzuri. Mtafiti Heather Schwartz, katika ripoti ya taasisi ya Century Foundation ya mwaka 2010, aliwafuatilia watoto hao na kuona kwamba waliosoma katika shule zenye wanafunzi wachache maskini waliwapita wenzao katika hisabati kadiri miaka ilivyoenda. Familia zilikuwa zimegawiwa nyumba kwa bahati nasibu, kwa hiyo hakuna wa kusema kwamba wazazi wenye bidii ndio waliojichagulia. Hoja ya kuchanganya matajiri na maskini katika mtaa mmoja haina ushahidi mzito kuliko huo.

Kuchanganya kwenyewe kuna fedheha zake. Mwaka 2014 magazeti ya London na New York yaliandika juu ya majengo yenye milango miwili: wa mbele, wenye marumaru na mhudumu, kwa walionunua kwa bei ya soko, na wa uchochoroni kwa wapangaji wa nyumba nafuu. Watu walikasirika, kwa haki. Lakini ukiuliza ndani zaidi, unakuta mlango wa pili mara nyingine ulitokana na gharama za kuendesha jengo. Lifti za kifahari, bwawa la kuogelea na walinzi hulipiwa kila mwezi na kila mkazi. Ukimpa mwalimu nyumba ya bei nafuu katika jengo la namna hiyo, unamuuzia pia bili ambayo haijui. Kwetu jambo hili litauma zaidi, maana ghorofa zetu zinaishi kwa pampu ya maji, jenereta na kisima. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya Tanzania ya mwaka 2008 na ile ya Kenya ya mwaka 2020 zinawataka wakazi wawe na chombo cha kuendesha jengo na kuchangia gharama. Hapo ndipo nyumba nafuu inapofia: mkazi anashindwa mchango miezi minne, majirani wanamnunia, lifti inakufa, anauza na kurudi alikotoka. Sharti lolote linalotaja bei ya kununulia na kunyamaza juu ya mchango wa kila mwezi limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kubeba ndoo ya maji hadi ghorofa ya saba.

Je, tulete sharti hili kwa kila mwendelezaji wa Nairobi, Dar es Salaam, Mombasa na Kampala? Johannesburg imefanya hivyo. Tangu 2019 sera yake inataka asilimia 30 ya nyumba katika kila mradi mpya wa nyumba 20 au zaidi ziwe za watu wa kipato cha chini, na inamruhusu mjenzi kuongeza msongamano. Lakini Johannesburg ni mji ambao kibali cha ujenzi kina uzito, ramani za matumizi ya ardhi zinafuatwa, na ubaguzi wa rangi ulichora mipaka ambayo kuivunja ni wajibu wa kikatiba. Dar es Salaam, watu wengi wanaishi katika maeneo yasiyopimwa. Nyumba ya kawaida ya jiji hilo imejengwa na mwenyewe, tofali kwa tofali, kwa miaka kumi au kumi na mitano, na vyumba viwili vya mbele vinapangishwa ili fedha za bati zipatikane. Sharti la asilimia 20 kwa mwendelezaji halimhusu mtu huyo. Litawagusa wale wachache wanaojenga kwa kufuata sheria, nao watajikuta wanaadhibiwa kwa kufuata sheria, huku anayejenga ghorofa kumi kwa kibali cha sita akipita salama.

Nairobi nayo ina Pipeline. Kule Embakasi, maghorofa yamebanana hivi kwamba mchana ngazi zinahitaji taa. Vyumba vya futi kumi kwa kumi vimepangwa pande mbili za ukumbi, na choo kinatumiwa na milango kadhaa. Hakuna mpango wa serikali uliojenga Pipeline. Ni wenye mitaji ya kawaida, wastaafu, vyama vya kuweka akiba, watu binafsi, waliojenga nje ya kanuni na kuwapa makazi watu wengi kuliko miradi yote ya nyumba nafuu iliyozinduliwa kwa utepe. Simsifu mtu kwa kumnyima mpangaji hewa. Nasema tu kwamba soko la chini la nyumba lipo, ni kubwa, na halitaguswa na kanuni iliyotungwa kwa ajili ya Kilimani. Kenya iliwahi kujaribu kuwavuta wajenzi rasmi washuke huko kwa njia ya kodi: kampuni inayojenga angalau nyumba 100 kwa mwaka ingetozwa asilimia 15 badala ya kiwango cha kawaida cha asilimia 30. Cha ajabu, masharti yalihesabu idadi ya nyumba. Anayejenga mia za wenye nacho alikuwa na hoja sawa na anayejenga mia za makarani.

Ndiyo maana narudi kwenye ardhi ya umma. Kibali chetu hakina thamani kubwa kwa sababu watu hujenga bila hicho, lakini ardhi ya umma katikati ya miji ina thamani isiyo na ubishi, na hakuna anayeweza kuijenga bila mkataba. Shirika la Nyumba la Taifa la Tanzania lina majengo mengi Upanga, Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam, yaliyotokana na sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha nyumba zilizozidi thamani ya shilingi 100,000. Umma ulizichukua kwa jina la wanyonge, na wanaobishana leo kama zilifika kwa wanyonge wana mengi ya kusema. Shirika lilipoingia ubia na wafanyabiashara, na lilipoizindua upya sera ya ubia mwaka 2022, hoja ilikuwa mapato: kiwanja changu, fedha zako, tugawane jengo. Sijaona sababu kwa nini sehemu ya mgao wa umma isiwe vyumba vya kupangisha vya bei ya chini hapo hapo Kariakoo, ambako kuli na muuza duka wanatumia saa mbili kila asubuhi wakitoka Mbagala na Gongo la Mboto. Fremu za duka zina fedha zaidi, watasema wahasibu, na ni kweli. Lakini kama ni fedha tu, kodi ingetosha, tusingehitaji shirika la nyumba.

Magomeni Kota, Dar es Salaam, inaonyesha upande mwingine. Familia 644 ziliondolewa kwenye makota ya zamani na kusubiri miaka mingi, hadi serikali ilipojenga maghorofa yenye nyumba 656 na Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua Machi 2022. Hapakuwa na nyumba za kuuzwa kwa bei ya soko za kubeba gharama; serikali ililipa yote, kisha ikawaambia wakazi wanunue bila kuhesabiwa thamani ya ardhi. Bei iliyotangazwa ilikuwa takribani Sh milioni 48 kwa nyumba ya chumba kimoja na milioni 56 kwa vyumba viwili. Ukiigawa milioni 48 kwa miezi 360, bila riba yoyote, unapata kama Sh 133,000 kwa mwezi. Mtumishi wa ngazi ya chini, ambaye tangu Julai 2025 kima chake ni Sh 500,000, anaweza kujikamua. Mama lishe aliyezaliwa Magomeni hana hakika. Hata ardhi ikitolewa bure, saruji, nondo na lifti haviuzwi kwa huruma. Kwa maskini kabisa hakuna sharti la mjenzi litakalotosha; inahitajika ruzuku ya wazi, kila mwezi, iliyo kwenye bajeti.

Kwa waliopo katikati, wale ambao si maskini wa kutupwa na si wateja wa benki, ardhi ya umma ikitumiwa kwa ukali inaweza kutenda mengi. Mtihani uko njiani. Kule Mombasa, mtaa wa kaunti wa Buxton umekwisha kubomolewa kupisha mradi wa nyumba takribani 1,860 kwa mkataba wa ubia. Nairobi imeorodhesha mitaa yake ya enzi za ukoloni, Jericho, Maringo, Bahati, Ziwani, Woodley na mingine, kwa mpango wa Pangani kuzidishwa mara nyingi. Katika kila mmoja kuna wapangaji waliokaa miongo kadhaa wakilipa kodi ndogo, kuna kampuni iliyoshinda zabuni, na kuna kaunti yenye deni la mishahara.

Ninachotaka kukiona katika mikataba hiyo kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Ardhi ibaki ya umma kwa upangishaji wa muda mrefu, isiuzwe, ili sharti lisife siku nyumba inapobadilisha mikono. Sehemu ya nyumba nafuu, tuseme theluthi kama Montgomery, imilikiwe na kaunti na ipangishwe, wala isiuzwe kamwe. Vipato vigawanywe kwa ngazi finyu zenye idadi yake, ili meneja wa elfu 140 asishindane na karani wa elfu 22. Mchango wa lifti na maji uwekewe kikomo kwa wa ngazi ya chini, na pengo lake lilipwe na kodi ya maduka ya ghorofa ya chini. Mpangaji wa zamani aandikiwe nyumba yake kwa namba kabla tingatinga halijawashwa, si kwa ahadi ya mdomo na hundi ya kuhamia. Na hesabu za mwendelezaji zibandikwe hadharani pamoja na kibali, maana anayejenga juu ya ardhi yangu hana siri ya biashara ya kunificha. Kampuni nyingine zitasema kwa masharti hayo hazijengi. Zingine zitajenga, na kwa ardhi ya Ziwani, mwendo wa dakika chache kutoka stendi ya Machakos, nadhani foleni haitakuwa fupi.